Kengele Iliyoniangukia Nyumbani

Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya lori. Mwalimu mkuu aliileta mwenyewe kutoka Kasulu, ameipakata kwenye bodaboda kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali, akaitundika kwenye tawi la mgrevilia kwa waya wa kufungia nondo. Nikiwa zamu nilikuwa nautazama ule waya kwa jicho baya. Siku moja nikamwambia, "Mkuu, huu waya umeota kutu."

"Mwalimu," akanijibu kwa upole wake ule, "kutu iko nje tu."

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Nikitaja Tanga watu hutegemea sauti laini na maneno ya kubembeleza, lakini siku ya kugawa hivyo vitu mimi sikuwapo. Hasira zangu ziko karibu na sauti yangu inafika mbali. Nilikuja Kibondo baada ya kukaa nyumbani na cheti cha ualimu bila ajira mpaka mama yangu akaanza kunitambulisha kwa wageni kama "huyu aliyepo." Rafiki yangu wa chuo akanipigia simu: kuna kijiji juu huko, ukiipita Kumsenga unaendelea kupanda, wazazi wamejenga shule yao ya binafsi na wanatafuta mwalimu wa hisabati. Nikaja na begi moja. Nilijiambia nitafundisha muhula mmoja, kisha nitatafuta kwa kwenda.

Siku ya ajali muda wa mapumziko ulipofika, nilishika kipande cha nondo nikapiga kengele. Pigo la kwanza lilitoka vizuri. La pili lilitoka na kengele yenyewe. Ringi ilishuka moja kwa moja juu ya mguu wangu wa kulia, ikabingirika taratibu hadi mlangoni mwa darasa la tatu, ikajilaza. Niliyoyasema pale sitayaandika. Watoto walikuwa wameshaanza kutoka nje na waliyasikia yote, na kwa muda mrefu baadaye nilikuwa nayasikia maneno yangu uwanjani kila mtu anapokosa goli, tena kwa lafudhi safi ya Kitanga.

Mwalimu mkuu alikuja mbio. Akautazama mguu, akautazama ule waya uliokatika, akavua koti lake la Jumapili na kunitandikia nilalie. Alinipeleka Kibondo mjini yeye mwenyewe kwa bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenishikilia, na kila tulipoingia kwenye shimo alisema "ihangane, mwarimu, ihangane," ambayo kwa Kiha ndiyo pole, vumilia. Njia ile ina mashimo mengi. Nilivumilishwa mpaka nikachoka.

Picha ilionyesha mifupa miwili imevunjika. Wakanifunga hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Daktari alikuwa kijana mchangamfu, mgeni wa mkoa kama mimi, na wakati mwalimu mkuu ametoka kunitafutia uji aliniuliza, "Umeumia wapi?"

"Kazini. Nimeangukiwa na kengele."

Aliacha kuandika akanitazama kuhakikisha sitanii. Kisha akakaa kitini akanieleza kwa utaratibu. Mtu akiumia akiwa kazini, alisema, mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwenye mfuko wa fidia mapema. Uhakiki ukishafanyika na kukubaliwa, matibabu yanalipiwa, siku za kuuguza hazimtupi mfanyakazi njaani, na mguu ukibaki na kilema, kuna fidia ya kilema. "Si hisani, mwalimu. Ni haki yako kisheria. Shule yenu inachangia?"

Shule ilikuwa inachangia. Hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu kamati ya wazazi ilikuwa makini kwa mambo ya serikali kuliko watu wengi niliowahi kufanya nao kazi. Walikuwa wanachanga kila mwezi bila kukosa. Mwalimu mkuu aliporudi na uji nilimweleza, akasema, "Taarifa itaandikwa leo hii." Na kweli aliiandika siku ileile. Baadaye nilikuja kuiona nakala yake. Ilisema kwamba mwalimu ameumia mguu, anaendelea vizuri kwa neema ya Mungu, na anawasalimu. Mahali alipoumia hapakutajwa. Mimi nilidhani mkuu kapitiwa tu.

Nilirudi chumbani kwangu nikaanza kupokea wageni. Watu wa kule hawamwachi mgonjwa peke yake hata dakika ya kujikuna. Walikuja na maharage, ndizi, sukari, na mzee mmoja wa kamati akaja na dumu la pombe ya ndizi, akalinywa mwenyewe kwa niaba yangu kwa kuwa nilikuwa kwenye dawa. Na kila aliyekaa aliniuliza vilevile: "Sasa mwarimu, ulijikwaa wapi hapo kwako?"

"Sikujikwaa. Kengele ya shule iliniangukia."

Mgeni alikuwa anainamisha macho kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Ihangane," anasema. "Nyumbani kuna mengi."

Mwanzoni nilidhani hawanisikii vizuri, nikaongeza sauti. Siku iliyofuata mama mwenye nyumba wangu akaja kunifungia mlango. Mama huyu ni wa familia iliyotoka Burundi zamani, yeye akiwa mtoto mgongoni. Sasa ni raia, ana shamba la mihogo na genge la dagaa, na alikuwa ananiita mwanangu ingawa tumepishana umri kidogo tu.

"Mwanangu, unapiga kelele za nini? Unamwaibisha mwalimu mkuu."

"Namwaibisha kwa lipi? Kengele imeanguka au haikuanguka?"

"Imeanguka. Nani kakataa? Lakini hapa kwetu mtu akiumia kwenye mji wa mwenzake, hatusemi aliumia kule. Ni kama kusema mji ule ni mbaya, unakula watu. Tunasema ameumia kwake. Ndiyo heshima." Akanikumbusha jirani yetu aliyedondoka kutoka kwenye mparachichi wa mchungaji mwezi uliopita. Kijiji kizima kilisema amedondoka kwake, na kwake hakuna mti hata wa kufungia mbuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempelekea sukari na nikamwambia awe mwangalifu hapo uani.

Nilicheka siku hiyo. Niliacha kucheka niliporudi Kibondo kupigwa picha ya pili. Daktari yule aliishika juu kwenye mwanga, akakunja uso. Mfupa mmoja ulikuwa unaunga upande. Ulihitaji kufunguliwa na kuwekwa chuma, na daktari wa mifupa angekuwa Kasulu kwa siku chache mwezi ule. "Ukikosa hiyo nafasi utachechemea maisha yako yote," aliniambia. "Ofisa wa kuhakiki ajali anakuja kwenu. Mwambie ukweli, leta mashahidi, ikubaliwe haraka." Mimi sikuwa na kitu. Mshahara wa kwanza nilikuwa nimempelekea mama na wa pili nilikuwa nimenunulia kitanda. Kijiji kile kiko mlimani, shule iko juu zaidi, na nilijiona nikipanda kile kilima kwa mguu mmoja na nusu mpaka uzee. Niliogopa sana. Sikuogopa hivyo hata siku ringi ilipotua.

Ofisa alikuja na pikipiki, kijana wa Dar kwa kuongea na kwa viatu, ambavyo dakika tano za udongo wetu mwekundu zilivifanya vifanane na vya watu wengine. Tulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilieleza kisa changu vizuri, na wala sikupandisha sauti. Kisha akaitwa shahidi wa kwanza, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, ambaye siku ya ajali alikuwa amesimama mbele yangu kabisa.

"Mwalimu aliumia wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Ilikuwaje?"

Mwalimu wa Kiswahili hakuwa amejiandaa kwa swali la pili. Akafikiri. "Aliangukiwa na kinu."

Akaja mpishi wa shule. Naye akasema nyumbani kwangu, lakini kwake nilikuwa nimeteleza kwenye maganda ya ndizi. Mzee wa kamati, yule wa dumu, alisema nilikanyagwa na ng'ombe. Ofisa akaniuliza, "Mwalimu, unafuga?" Nikasema nimepanga chumba kimoja, huyo ng'ombe angelala wapi? Mzee akanitazama kwa huruma na kurekebisha ushahidi wake: alikuwa ndama.

"Oya, subirini kwanza," ofisa akasema, akiweka kalamu chini. "Kinu, ndizi, ndama. Hii mbona haiko sawa, wazee wangu?"

"Nyumbani kuna mengi," mzee akamjibu.

Pale hasira zangu zilizokuwa zimekaa kimya kwa heshima ya mkutano zilisimama kabla yangu. Nilimvuta ofisa kwa mkono, nikaruka kwa magongo hadi kwenye mgrevilia nimwonyeshe waya uliokatika. Waya haukuwepo. Kengele ilikuwa imeshatundikwa upya, kwa mnyororo mnene wa kuvutia magari, mzuri ajabu, ambao ungeweza kushikilia lori zima pamoja na ringi yake. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu na kofia mkononi. Nilimgeukia. "Mkuu, sema wewe!"

Alifungua mdomo. Akatazama wale wazee, waliokuwa wamesema uongo wao wote kwa ajili yake, akaufunga. Kwa desturi yao, aliyefichiwa aibu hawezi kuwakana hadharani waliomfichia. "Wameshasema," akasema kwa sauti ya chini.

Ofisa alikuwa mtu mzuri. Aliniambia kando kwamba ananiamini, lakini hawezi kupeleka ajali ya kazini yenye mashahidi wanaotaja ndama. Angelala wilayani na kupita tena kesho yake asubuhi kabla ya kurudi Kasulu. "Kama kuna mtu anaweza kusema kilichotokea, awepo," akasema, akaondoka na viatu vyake.

Nililia jioni ile, na nikilia huwa natukana pia, kwa hiyo mama mwenye nyumba alisikia vyote kupitia ukutani. Alikuja akakaa kitandani kwangu.

"Watu hawa wanachanga kwenye mfuko kila mwezi!" nikamwambia. "Kusema ukweli hakuwagharimu hata kitunguu! Wataniacha nichechemee kwa adabu?"

"Hawajui kuusema bila kumvunja mwenzao. Wewe unataka waseme umeumia kwa mtu."

"Ndiyo, nimeumia kwa mtu!"

"Basi hawatasema." Akawa anaichezea khanga yake magotini. "Mwanangu, sisi tulipofika hapa hatukuwa na pa kusema kwetu. Mama yangu alinieleza. Mwanamke wa hapa alimletea moto kutoka jikoni kwake, akamsaidia kupanga mafiga, wakapika maharage, wakala wote. Toka siku ile hakuna aliyewahi kutuuliza kwetu ni wapi. Ukiwashiwa moto mahali ukala na watu, hapo ni kwako." Akasimama. "Ngoja nikaongee na mwalimu mkuu."

Sikuelewa alichokusudia. Asubuhi aliniamsha mapema, akanipandisha kilima polepole, mimi na magongo, yeye na kigae chenye makaa kutoka jikoni kwake. Chini ya mgrevilia tulimkuta mke wa mwalimu mkuu ameshapanga mafiga matatu. Mpishi wa shule alikuwa na sufuria. Wazee wa kamati walikuwa wamekaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamewafika kidevuni. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama mwenye nyumba aliweka makaa, akapuliza, moto ukashika, maharage yakabandikwa. Yalikuwa yamelowekwa usiku. Nilitambua kwamba wote walikuwa wamelala wakijua, isipokuwa mimi.

Yalipoiva mpishi akasonga ugali wa muhogo, nikapakuliwa wa kwanza. Nilikula. Kisha wakala wao. Mzee wa dumu akafuta mkono kwenye suruali, akanipigia makofi yale ya polepole ya salamu za Kiha, na kusema, "Mwarimu, mwakeye. Umeamkaje hapa kwako?"

Nilitaka kujibu kitu cha kuchekesha, nikaacha. Nilikuwa nimekaa kijijini pale muda wote ule na begi langu chini ya kitanda halijafunguliwa mfuko wa pembeni. "Nimeamka salama," nikasema.

Ofisa alifika akatukuta bado tunakula. Akakaribishwa, akala. Alipotoa kalamu, mwalimu wa Kiswahili alinyoosha mkono hata kabla ya kuitwa.

"Mwalimu aliumia nyumbani kwake," akasema.

Ofisa akafumba macho. "Kwake wapi, ndugu yangu?"

"Hapa." Akaonyesha kidole mafiga, kisha akakipandisha taratibu hadi kwenye tawi. "Alikuwa zamu. Alipiga kengele ya mapumziko, ikamwangukia mguu wa kulia. Nilikuwa nimesimama pale."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Mpishi alieleza mlio. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni siku ile akaonyesha njia ambayo ringi ilibingirikia. Mzee akakiri kwamba ndama hakuwepo, akaongeza kuwa angekuwepo angeumia vibaya. Ofisa aliandika mpaka mkono ukamchoka, akicheka peke yake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia, kwa sababu kazi yake ilimtaka aulize.

"Na kengele ilifungwa na nani?"

Kijiko kilisikika kikiwekwa kwenye sahani. Mzee wa kamati alianza kukohoa, na niliona wazi kwamba kuna ndama mwingine njiani.

Mwalimu mkuu akasimama, kofia mkononi. "Ni mimi," akasema. "Kwa waya. Mwalimu aliniambia una kutu, nikapuuza." Akanigeukia. Mtu huyu ndiye aliyekusanya mawe ya msingi wa shule ile kwa mikono yake, na alinisemesha kama mgeni aliyevunja chombo kwenye nyumba aliyokaribishwa. "Mwalimu, nimeingia kwako nikaning'iniza kitu kibaya. Nisamehe."

Nilimsogezea sufuria aongeze maharage. Aliongeza, akala akiwa amesimama, machozi yakimtoka na moshi ukisingiziwa.

Ombi lilikubaliwa. Nilipasuliwa Kasulu, na kwa muda niliolala wodini nilikuwa jirani na mkulima wa Muyama aliyekatwa na jembe lake mwenyewe shambani kwake mwenyewe, ambaye alinihusudu sana kwa kuumizwa na kitu cha watu. Chuma kiko mguuni mpaka leo. Siku za baridi kinanikumbusha, lakini kilima napanda sawasawa na wenzangu, na watoto wa darasa la tano wakichelewa bado nawafukuzia.

Yale mafiga matatu hayakuondolewa. Mpira ukipigwa karibu nayo watoto huambiana waangalie, wasivunje vitu vya mwalimu. Na mwalimu mkuu, kila asubuhi akifika pale chini ya mgrevilia, kwenye shule aliyoikusanyia mawe yeye, husimama, huvua kofia na kuita, "Hodi!"

Mimi huwa ofisini nasahihisha madaftari. Namjibu, "Karibu," naye ndiyo anaingia. Siku nikiwa nimeamka vibaya, namwacha asubiri kidogo.